Upande wa Pili wa Karatasi za Kimwani

Kwa zaidi ya miaka ishirini, kila nilipoulizwa, nilijibu kwamba niligeuza kila karatasi. Mkuu wangu wa kazi aliniuliza, nikajibu hivyo. Mzee aliyenifundisha kazi aliniuliza, nikajibu hivyo nikimtazama machoni. Mwanamke mkulima alisafiri kutoka Kimwani, akaketi kwenye kochi langu mjini Bukoba, akaniuliza, nikajibu hivyohivyo huku namwongezea chai. Leo nakiri, mwanangu: sikugeuza. Karatasi za Kimwani nilizipiga picha upande mmoja tu, nikajua kwamba ni upande mmoja tu, kisha nikatia sahihi kwamba ni pande zote mbili.

Nimeombwa niwaandikie maneno machache ninyi vijana mnaoanza kazi ya kuhamishia majalada ya vijiji kwenye kompyuta. Nadhani walioniomba walitarajia niwaeleze namna ya kuzuia mchwa. Kuhusu mchwa sina jipya. Nitawaeleza habari yangu, na walioniomba wakiona haya kuisoma mbele ya watu, hilo ni lao.

Ipo siku naikumbuka vizuri kuliko siku ya harusi yangu, na mume wangu analijua hilo. Mvua ilikuwa inanyesha tangu asubuhi, kama inavyonyesha Bukoba, bila haraka na bila aibu. Nilikuwa nimemaliza chuo kikuu miezi michache tu nyuma. Nilikuwa na shahada, nilikuwa na viatu vya kisigino visivyofaa kwa matope yetu, na nilikuwa na tabia ya kuwasahihisha watu Kiswahili. Nyumbani kwetu Izimbya mama yangu alishaanza kunitaja kwa majirani kama mtu wa serikali. Ukweli ni kwamba nilikuwa na mkataba wa muda katika ofisi moja ya serikali za mitaa, ambayo sitaitaja, kwa sababu kosa lilikuwa langu wala si la ofisi.

Kazi yenyewe ilikuwa ngeni kwetu sote. Mihutasari ya vikao vya vijiji, barua za watendaji, daftari za mabaraza, vitu vilivyorundikana stoo miaka na miaka, vilitakiwa kupigwa picha kwenye maikrofilamu. Ninyi hamjaiona, kwa hiyo niwaeleze: ni utepe mwembamba wa filamu ambao ukurasa mzima unakaa ndani ya nafasi ndogo kama ukucha. Ukitaka kuusoma unaupitisha kwenye mashine yenye kioo, maandishi yanakua. Chumba kizima cha majalada kingeweza kuingia kwenye kabati moja. Mashine ilikuwa Bukoba, hivyo majalada ya Muleba yaliletwa kwa pikapu, yamefungwa kwenye magunia ya kahawa, na katika gunia moja tulimkuta panya na familia yake.

Mashine ya kupigia picha ilikuwa kama meza yenye nguzo. Juu ya nguzo kamera inatazama chini, pembeni kuna taa, katikati kioo cha kukandamizia karatasi, na chini ya meza kuna kanyagio. Unaweka karatasi, unashusha kioo, unakanyaga, kamera inalia. Unainua kioo, unageuza karatasi, unashusha tena, unakanyaga tena. Hivyo kutwa nzima, umeme ukipenda.

Aliyenifundisha alikuwa Mzee Sadiki, karani wa masjala. Alikuwa mtu wa mjini Bukoba. Babu yake alikuja kutoka pwani, akaoa Mhaya, akasahau nauli ya kurudi. Mzee alivaa kofia ya kufuma na koti la suti juu ya fulana, na alizijua zile karatasi kama mtu anavyojua ng'ombe wake. Hii ya Rubafu, katibu wao alikuwa anatumia mkono wa kushoto. Hii ya fulani, huyu alikuwa anaandika akiwa amekasirika. Sharti lake lilikuwa moja: karatasi igeuzwe, hata ile inayoonekana nyeupe.

“Mzee, nyeupe ni nyeupe,” nilimwambia.

“Binti, utaijuaje nyeupe kabla hujaigeuza?”

Nikacheka. Kwa siri nilimwita Kinyonga, kwa jinsi mkono wake ulivyokuwa unasita hewani kabla ya kugusa karatasi.

Baada ya wiki chache nikagundua kitu, au niseme nilidhani nimegundua. Karatasi nyingi zilikuwa zimeandikwa upande mmoja. Basi nikabuni utaratibu wangu. Nilichukua rundo, nikapitisha kidole gumba kwenye pembe ya chini kama mtu anayechanganya karata, na kama migongo ilionekana mitupu, rundo zima nililipiga upande mmoja bila kugeuza. Mkono wa kulia unaweka, wa kushoto unaondoa, mguu unakanyaga. Nilimpita Mzee Sadiki mbali sana. Wenzangu wakaniita Mashine, na nilipenda jina hilo kuliko nilivyopaswa. Mkuu wetu akaanza kuwaleta wageni waje wanitazame. Wakasimama nyuma yangu wakitikisa vichwa, na mimi nikaongeza kasi. Haukupita muda nikasikia jina langu limependekezwa kwenda masomoni.

Sasa nikueleze kuhusu Kimwani. Katika miaka ya uhaba wa karatasi, katibu wa kijiji hicho cha Muleba alikuwa mtu wa kubana. Hakukubali kutumia karatasi ya pili kwa ajili ya mistari mitatu. Muhtasari ukizidi ukurasa, aligeuza karatasi, akamalizia juu ya mgongo wake, na wajumbe wakaweka dole gumba hapohapo chini ya mistari hiyo. Nusu ya chini ya mgongo ilibaki tupu. Na mimi, mwanangu, nilikuwa nachungulia pembe ya chini.

Filamu zilipelekwa Dar es Salaam kusafishwa, zikarudi baada ya wiki kadhaa. Kazi ya kuzikagua nilipewa mimi, kwani nani angemkagua Mashine? Siku ile ya mvua nikakaa kwenye mashine ya kusomea, herufi nyeupe juu ya weusi, zinapita. Nilipofika Kimwani nikasoma ukurasa unaoishia hivi: “Baada ya majadiliano marefu, wajumbe kwa pamoja wakaamua kwamba”. Nikasogeza filamu. Ukurasa uliofuata ulihusu mbuzi aliyekula mihogo ya shule.

Nikarudi nyuma, nikasoma tena. Nikasogeza mbele. Mbuzi yuleyule.

Nikatafuta kurasa nyingine za Kimwani, nikaona nyingine inakatika, na nyingine. Magunia yenye karatasi zenyewe yalikuwa kwenye korido, hatua chache kutoka nilipokaa, yakisubiri kuchomwa, maana amri ilikuwa imetoka kwamba filamu ikikaguliwa karatasi ziteketezwe na chumba kitumike kwa shughuli nyingine. Ningeweza kusimama na kufungua gunia. Lakini kufungua gunia kungekuwa kusema kwamba utaratibu ule ambao wageni walikuja kuutazama ulikuwa ujinga. Fomu ya masomo ilikuwa mezani kwa mkuu. Nikabaki nimekaa.

Mzee Sadiki akaingia.

“Msomi, Kimwani iko sawa?”

“Iko sawa, Mzee.”

“Uligeuza?”

“Niligeuza.”

Hakuondoka. Akavua miwani, akaifuta kwa pindo la koti, akairudisha usoni.

“Kama hukugeuza, sema leo. Magunia yako pale. Tutafungua mimi na wewe, tupige upya, wala sitamweleza mtu. Yakishachomwa, hata ulie machozi ya damu hutapata mstari mmoja.”

“Mzee, unanidharau?” Nilisema hivyo kwa sauti ya mtu mwenye shahada.

“Ningekudharau ningekuacha.”

Akangoja. Nadhani alingoja muda wa kutosha mtu kusema neno moja. Nikachukua kalamu, nikatia sahihi cheti cha ukaguzi: nathibitisha kwamba kurasa zote, pande zote mbili, zimepigwa picha na kukaguliwa. Nikaandika jina langu kamili kwa herufi kubwa, lisomeke vizuri. Na lilisomeka, kama utakavyoona.

Magunia yalichomwa nyuma ya ofisi mchana uleule, kwenye manyunyu. Karatasi nyingi zikikaa pamoja haziungui upesi, kwa hiyo Mzee Sadiki alisimama na mti mrefu akizikoroga kama mtu anayepika rubisi, pombe yetu ya ndizi, kwenye mtumbwi wake. Nilisogea nikasema moshi ni mwingi. Hakuninunia. Aliendelea tu kukoroga.

Nikaenda masomoni. Nikarudi, nikafundisha, nikaolewa, nikanenepa, nikaanza kuandika makala za magazetini. Mojawapo ilihusu thamani ya kumbukumbu za vijiji, na ilisifiwa sana. Hata mimi niliisifu. Kuhusu Kimwani nilijizoeza kuamini kwamba migongo ile ilikuwa mitupu na katibu alichoka tu kumalizia sentensi zake. Ukirudia jambo kwa miaka mingi linapata sura ya kumbukumbu. Mzee Sadiki alipofariki nilikwenda msibani, nikakaa nyuma kabisa. Mjane wake akanishika mkono akaniambia, “Alikuwa anakusifu, ati una mkono mwepesi kuliko wote.” Sikujua nitazame wapi.

Halafu, mwaka jana, Ma Leokadia, yule mkulima wa Kimwani, akapiga hodi.

Simjui mtu anayejua kupiga hodi kwa adabu kama yeye. Alikuwa mwanamke wa makamo anayeelekea uzeeni, kitenge safi, viatu ameviacha nje ingawa nilimkataza, na kichwani mkungu wa ndizi alioubeba kutoka stendi. Nilimpokea, nikamwamkia, akaitikia, akaketi pembeni mwa kochi kama mtu anayeogopa kulichosha.

“Waitu, mimi sikuja kugombana,” alianza, kwa neno letu la heshima la Kihaya. “Jina lako nimeliona kwenye cheti. Nikauliza, nikaambiwa unakaa huku.”

Kisa chake kilikuwa hiki. Alipokuwa binti aliolewa, ndoa ikamshinda, akarudi kwao Kimwani, akamuuguza baba yake miaka mingi. Kwa kawaida yetu sisi Wahaya, kibanja, yaani shamba la migomba na kahawa lenye nyumba ya ukoo, hufuata watoto wa kiume. Binti aliyerudi hupewa pa kukaa, na akifa, wenyewe wanachukua chao. Lakini baba yake alikwenda mbele ya baraza la kijiji akasema kibanja hiki anampa Leokadia kiwe chake kabisa, wala asiwe mgeni ndani yake. Kaka yake alikuwepo, akakubali. Sasa kaka amekufa, na wanawe wanasema shangazi alikuwa anakaa tu kwa hisani, hivyo ahame, kibanja kiuzwe.

“Kaka yangu aliweka kidole,” alisema. “Baba akaweka, wajumbe wawili wakaweka, na mimi nikaweka. Kidole changu kilikuwa na wino kutwa. Nilimenya ndizi nao.”

Shauri lilikuwa kwenye baraza la ardhi. Alikwenda ofisini wakamtafutia filamu, akaonyeshwa ukurasa. Ulieleza kwamba baba yake amefika kuomba kumpa binti kibanja, kisha ukaishia pale wajumbe walipoamua. Upande wa watoto wa kaka ukasema: mnaona, hawakuamua kitu. Aliyekuwa katibu wa kijiji bado yu hai, mzee sana, alijitolea kueleza alichoandika nyuma. Wakamtolea cheti changu: pande zote zimekaguliwa, nyuma isiyomo kwenye filamu ilikuwa tupu, na huyu babu anasahau.

“Lakini kuna vidoa,” Ma Leokadia alisema. “Juu kabisa, pale penye kichwa cha habari. Vidoa vitano vimejipanga. Nikamwambia yule dada wa ofisini, hivyo ni vidole vimepenya kutoka nyuma. Akasema ni uchafu wa filamu.”

“Filamu za zamani hupata madoa, Ma Leokadia.”

“Matano kwa mstari?”

“Inatokea.”

“Kwa hiyo nyuma hakukuwa na kitu.”

“Niligeuza zote,” nilisema, na nikamimina chai.

Akainywa mpaka mwisho. Akanishukuru, akaomba radhi kwa kunipotezea muda, akavaa viatu vyake mlangoni. Mkungu aliouleta nilishindwa kuupika. Ulikaa jikoni mpaka ukaiva wote, mume wangu akauliza tumeanza lini kufuga nzi.

Wiki iliyofuata nilikwenda ofisini peke yangu, nikaomba filamu ya Kimwani. Nilijiambia naenda kuhakikisha ni uchafu. Nikausogeza utepe mpaka ukurasa ule. Vilikuwepo. Vidoa vitano vya mviringo, vyeupe hafifu juu ya weusi, vimekatiza maneno ya kichwa cha habari. Karatasi ya wakati ule ilikuwa nyepesi na wino wa muhuri ulikuwa mzito. Nilijua unavyopenya, nilikuwa nimeshika karatasi kama hizo kwa maelfu. Kidoa cha mwisho kilikuwa chembamba kuliko vingine. Kilikuwa kidole cha mwanamke.

Nikazima mashine. Mwanangu, sitakudanganya kwamba niliinuka hapo nikiwa mtu mpya. Nilikwenda nyumbani, nikala, nikaandika makala kuhusu bei ya vanila. Siku kadhaa zilipita hivyo, natafuta njia ya kumsaidia yule mama bila jina langu kuguswa. Niliwaza kumtafutia wakili. Niliwaza kusema cheti kilichapwa vibaya. Nina akili nyingi inapofika mahali pa kujiokoa. Mwishowe nikapanda basi la Muleba, na kutoka pale pikipiki hadi Kimwani, maana nilishaona kwamba nikiendelea kufikiri nitapata sababu nzuri.

Nilimkuta anatandaza nyasi chini ya migomba. Kibanja kilikuwa kimetunzwa, hakuna jani kavu linaloning'inia, mibuni imekatwa vizuri, na upande mmoja kaburi la baba yake limepakwa chokaa. Nikamwambia nikiwa bado nimesimama. Nilimwambia sikugeuza. Nilimwambia nilijua tangu siku ile filamu iliporudi.

Hakuacha kutandaza.

“Kwa hiyo ulijua wakati unaniwekea sukari,” alisema.

“Nilijua.”

“Mimi nilirudi na basi nikajiambia labda nazeeka. Labda baba hakusema vile. Nikakaa hapa nikimtilia shaka baba yangu, na yeye amelala pale, ananisikia.” Akainua fungu lingine la nyasi. “Kibanjani ni watoto wa kaka wanaonitoa. Lakini hilo la baba umenifanyia wewe.”

Maneno ya samahani niliyoyatayarisha njia nzima niliyatoa, na yalisikika madogo hata kwangu. Akanitazama mara ya kwanza tangu nifike.

“Utayasema haya barazani?”

“Nitayasema.”

“Mbele ya hao watoto?”

“Mbele yao.”

“Basi shika nyasi hizi, usisimame tu kama mgeni wa harusi.”

Siku ya baraza nilivaa nguo ya kawaida. Nilikuwa nimeandika maelezo yangu kwa kiapo, kurasa mbili, na nilitaka kuyasoma harakaharaka nikae. Mwenyekiti hakuniruhusu. Alikuwa mama mwenye sauti ya chini, akaniuliza moja moja.

“Sahihi hii ni yako?”

“Ni yangu.”

“Na leo unasema ulichothibitisha hapa ni uongo?”

“Ndiyo, mheshimiwa. Nilijua ni uongo nilipotia sahihi.”

Mtu nyuma akasema “Msomi!” na wengine wakacheka. Kisha mdogo kati ya watoto wa kaka akasimama. Alikuwa kijana wa maneno, na ningekuwa mwalimu wake ningempenda.

“Mheshimiwa, huyu mama anasema alidanganya zamani. Sisi tutajuaje kwamba hadanganyi leo? Tuamini uongo upi?”

Nilimjibu kwamba uongo wa zamani ulinipeleka masomoni, na maelezo ya leo yananiondolea hata kazi ndogo ya kufundisha semina za kumbukumbu. Wapime wenyewe mtu hudanganya kwa faida ipi. Hilo la semina lilitimia. Barua ilikuja baadaye, fupi, ya heshima, ikinishukuru kwa mchango wangu. Nimeitunza. Nimeipiga picha pande zote mbili, na nyuma ni nyeupe kweli.

Baraza liliagiza filamu iletwe, wakaangalia vile vidoa wenyewe. Cheti changu kiliondolewa kwenye ushahidi, na mzee aliyekuwa katibu akaruhusiwa kusikilizwa upya. Alikuja amebebwa kwenye kiti cha plastiki. Ilibidi aulizwe kwa kupaza sauti, na alijibu kwa Kihaya, ikatafsiriwa. Nilikuwa pale. Hakunitazama hata mara moja, na alikuwa na haki. Tukaambiwa uamuzi utatolewa siku nyingine.

Hapo ndipo tulipo wakati naandika haya. Uamuzi ni leo asubuhi. Sikwenda. Ma Leokadia aliniambia nisiende, kwamba atasimama mwenyewe. Sijui watasema nini. Mawili yanaweza kutokea, na moja ni kwamba mwanamke atatolewa kwenye kibanja alichokitunza maisha yake yote kwa sababu msichana mmoja aliona haya kufungua gunia.

Kwa hiyo nasaha yangu naitoa sasa, kabla ya kujua, ili usidhani naitoa kwa sababu mambo yamekuwa mazuri.

Mwanangu, karatasi utakayoishika haikuandikwa ili wewe uimalize. Kuna mtu nyuma yake ambaye hutamwona, ambaye pengine hajui kusoma, na siku moja atasafiri kuja kuitafuta. Fanya kazi yako kwa mwendo unaokuwezesha kumfikiria huyo. Ukisifiwa kwa kasi, jiulize ni kitu gani umekiruka. Na utakosea tu, hilo lisikutishe. Mashine mpya zenu zina makosa mapya ambayo mimi siyajui. Likitokea, liseme siku ileile, wakati karatasi bado zipo. Kosa la asubuhi lililosemwa asubuhi ni kazi ya kurudia tu. Likikaa linahama, linatoka mezani kwako linaingia nyumbani kwa mtu mwingine, na huko hujui litamla nani. Akitokea mtu mzima akakuuliza mara ya pili swali ulilokwisha kulijibu, usikasirike. Amekufungulia mlango. Mimi nilifunguliwa nikaufunga kwa nguvu, na aliyeufungua amekufa bila kusikia neno moja kutoka kwangu.

Na usiniige mimi kusubiri mpaka upate ujasiri. Sikuupata. Nilipanda basi bila huo.

Mungu akubariki katika kazi ya mikono yako, akupe macho yasiyochoka na wakubwa wanaojua kuuliza. Akujalie ukosee mambo madogo, mbele ya watu wema, ukiwa bado kijana. Na wale wote ambao majina yao yatapita chini ya vidole vyako, walio hai na waliolala, wasilie kwa ajili yako.

Nilitaka kuishia hapo. Nilikuwa naisoma tena sentensi ya mwisho simu ikaita.

“Mama Mwalimu?”

“Abee, Ma Leokadia. Shikamoo.”

“Marahaba. Ngoja kwanza nikae.” Nikasikia kiti kinaburuzwa, watu wengi wanaongea kwa pamoja, mtu anacheka. “Haya. Nimekaa.”

“Wamesemaje?”

“Wamesema ni changu. Wamesema baba alinipa, na baraza likakubali, na nikifa ni cha nitakayemwachia mimi. Mwenyekiti amelisoma jina la baba kwa sauti, lote, mpaka la ubatizo.” Akapunguza sauti. “Hawa watoto wako hapa. Yule mwenye maneno anasema watakata rufaa, huyu mkubwa anamwambia anyamaze, eti mvua inakuja na shangazi anahitaji kurudishwa nyumbani kwa pikipiki.”

Nikasema asante Mungu. Kisha nikasema, kwa mara ya sijui ngapi, “Ma Leokadia, nisamehe.”

“Hilo bado,” alisema. “Hilo tutaliongea ukija. Njoo Jumamosi, na uje na jembe.”